Mguu wa Slaidi ya Kumi na Tatu

Nianze kwa kusema kwamba slaidi zenyewe hazikuwa na kosa. Nimekuwa katibu wa mkurugenzi kwa miaka kumi na mmoja, na slaidi zangu zimewahi kuoneshwa mbele ya watu waliokuja kikaoni kusinzia, wakabaki macho hadi mwisho. Rangi zilipatana, maandishi yalisomeka, na hakuna neno lililoingia likizunguka kama pia. Kosa lilikuwa la tiki moja. Tiki ndogo, kwenye dirisha la kuhifadhia, ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeitia. Bado nashikilia hivyo, ingawa siku hizi nashikilia kwa sauti ya chini.

Baba yangu ni fundi viatu. Si wa kubandika soli tu, ingawa hilo pia analifanya. Anashona kiatu kizima, kuanzia ngozi hadi tundu la kamba. Duka lake ni chumba kimoja chenye meza, cherehani ya ngozi, rafu ya miguu ya mbao anayoshonea viatu juu yake, na sanduku la bati. Ndani ya sanduku hilo kuna miguu ya mtaa mzima. Baba hapimi kwa futi wala hataki kusikia namba. Namba za viatu, anasema, ni uvumi, na kila kiwanda kina uvumi wake. Yeye anakusimamisha juu ya karatasi, anazungusha penseli kuanzia kisigino, anaandika pembeni wewe ni nani, imekwisha. Karatasi inaingia sandukuni, na hata ukirudi baada ya miaka sita ataitoa na kukuambia umenenepa.

Kaka yangu, ambaye ni fundi umeme katika mji ulio safari ya saa tano kwa basi, alipata mchumba huko. Mama wa mchumba alikuwa mkuu wa shule aliyestaafu, na mji mzima, kaka yangu akiwemo, ulimwita Mwalimu Mkuu. Sasa kaka yangu ana moyo mzuri lakini hana kufuli mdomoni. Siku moja alipiga simu dukani, akatusimulia jinsi alivyomweleza mama mkwe wake mtarajiwa kuhusu kazi ya Baba, na jinsi mama huyo alivyouliza, "Yaani anaziba viatu vilivyotoboka?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba aliendelea kugonga misumari kwenye kisigino ambacho tayari kilikuwa na misumari ya kutosha. Siku mbili hakutaja jambo hilo, na mimi nilijua limemchoma, kwa sababu alikuwa akinyamaza hata wateja walipomsifu. Siku ya tatu akaweka nyundo chini.

"Mwambie kaka yako nitawavisha nyumba nzima. Wako wangapi?"

"Saba, Baba."

"Saba. Siku ya harusi yule mama ataingia ukumbini akikanyaga kazi yangu. Halafu aniulize tena naziba nini."

Tatizo likawa kupima. Kwenda kwa wakwe kabla ya kualikwa, na penseli mkononi, Baba aliona ni kujidhalilisha. Wamtumie namba, hataki. Nikasema basi wajichore wenyewe wamtumie karatasi, akanitazama kama mtu aliyependekeza wagonjwa wajipasue wenyewe. "Asiye fundi anainamisha penseli," alisema. "Anauibia mguu au anauongezea."

Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo ningependa kuyarudisha. Nikasema, "Baba, niachie mimi."

Wazo lilikuwa zuri na sitalikana. Nilichagua karatasi kumi na nne sandukuni, kuanzia mguu wa mtoto wa jirani hadi mguu mkubwa kuliko yote ambayo Baba amewahi kuivisha, wa golikipa. Nikazipitisha kwenye skana ya ofisini mkurugenzi alipokuwa ametoka, na kila mguu nikauweka kwenye slaidi yake, na mwenyewe nikamtaja chini. Slaidi ya sita nilikuwa mimi. Ya kumi alikuwa mwenye bucha, ya kumi na moja dereva wa lori, ya kumi na mbili polisi, ya kumi na tatu mchimba visima, na ya kumi na nne golikipa. Mwanzoni niliandika maelekezo: vua kiatu na soksi, weka mguu juu ya kioo cha kompyuta bila kukandamiza, tafuta slaidi ambayo mguu wako unaujaza mstari bila kuuvuka, kisha utume namba ya slaidi hiyo. Wakwe wangejipima kwa miguu iliyochorwa na penseli ya Baba mwenyewe. Hata yeye alitikisa kichwa kwa kukubali, na Baba si mtu wa kutikisa kichwa ovyo.

Dukani tuna kompyuta ambayo ofisi yetu iliistaafisha, yenye kioo kipana na kisogo kikubwa kinachokula nusu ya meza. Niliketi pale kuzihifadhi slaidi kama ukurasa wa wavuti. Ukifanya hivyo, kompyuta inakuhoji. Inataka kujua ukubwa wa kioo unachokusudia, na inakupa orodha ya namba uchague. Halafu kuna kisanduku kinachouliza kama picha zijitanue na kujipunguza zenyewe ili zienee kwenye dirisha la anayetazama. Mara ya kwanza nilihifadhi bila kutia tiki. Nilipofungua ukurasa, miguu ilitokea midogo katikati ya kioo, imezungukwa na weupe. Baba akachukua mguu wa mbao wa golikipa, akauweka juu ya picha ya golikipa, na mbao ikaifunika picha yote.

"Ongeza," alisema.

Nikatia tiki. Sikufikiri. Mkurugenzi wangu hana adui kama nafasi nyeupe, na kwa miaka yote hiyo nimeitia tiki hiyo hadi mkono unakwenda wenyewe. Miguu ikatanuka ikajaza kioo. Nikairekebisha picha kidogo huku Baba ameegemea meza, anaweka mguu wa mbao, anautoa, anauweka.

"Punguza. Punguza tena. Hapo hapo, usiguse."

Mstari ulikaa sawasawa na mbao pande zote. Tukajaribu wa mchimba visima, ukakaa. Tukajaribu wangu mimi mwenyewe, nikiwa nimeinua mguu juu ya meza nimemshika Baba bega, ukakaa. Nilivimba kichwa, nakiri. Kesho yake nikampelekea fundi kompyuta wa ofisini auweke ukurasa mtandaoni. Yule bwana anaongea huku anatafuna kifuniko cha kalamu, na kila jambo ana swali juu yake.

"Huko wanatazamia kioo cha ukubwa gani?" aliuliza.

"Kioo ni kioo," nilimjibu. "Wewe weka."

Akaweka. Baada ya wiki moja kaka yangu alitutumia picha ya barua. Ilikuwa ya Mwalimu Mkuu, mistari imepigwa kwa rula, mwandiko umenyooka. Nilimsomea Baba kwa sauti.

"Mimi mwenyewe, slaidi ya kumi na tatu. Mama yangu mzazi, mwenye miaka themanini na mmoja, slaidi ya kumi na mbili. Bibi harusi, kumi na mbili. Wadogo zake wawili wa kike, kumi na mbili na kumi na tatu. Mjukuu wangu wa kike wa darasa la pili, slaidi ya kumi. Kaka yangu amevuka mstari wa slaidi ya kumi na nne kwa upana wa kidole. Maelekezo yamefuatwa kama yalivyoandikwa."

Baba aliomba nisome tena pale pa darasa la pili.

"Mguu wa mwenye bucha," alisema polepole.

"Ndivyo alivyoandika."

"Na bibi wa miaka themanini na mmoja anavaa kiatu cha polisi."

"Kuna koo zenye miguu, Baba."

"Una hakika na kazi yako?"

"Si tulipima pamoja hapa hapa? Nina hakika."

"Basi."

Nikamwambia kama ana wasiwasi tumpigie kaka tumuulize. Hilo lilimkera kuliko barua. Alitaka kujua ni lini nimewahi kusikia mzazi anamuuliza mwanawe ukubwa wa mguu wa mama mkwe wake. Mguu hauulizwi, alisema, mguu unapimwa, na huu umeshapimwa. Tulikuwa na picha moja tu ya familia ile, wote saba wameketi kwenye viti mbele ya ukuta mtupu. Baba aliitazama kwa miwani na bila miwani. Mwishowe akasema viti lazima vilitengenezwa maalumu.

Ikaanza kazi ambayo duka letu halikuwahi kuiona. Miguu ya mbao mikubwa ilikuwa miwili tu, na kwa ajili ya mjomba wa bibi harusi, aliyemshinda golikipa, Baba alilazimika kubandika vipande vya ngozi juu ya mbao, tabaka juu ya tabaka. Ngozi tuliyonunua kwa watu saba iliisha kwa watu wanne. Viatu vya mtoto wa darasa la pili, vyekundu vyenye kifungo, vilikuwa na nafasi ya paka kulala, na najua hivyo kwa sababu wa jirani alilala humo.

Na Baba, aliyepania kuwatia wakwe adabu, akaanza kuwaogopa. Hakusema, lakini nilimwona. Aliniuliza kama wajukuu wake watapita kwenye mlango wa duka bila kuinama. Alinunua koti lenye mabega mapana. Jioni moja nilimkuta peke yake akijizoeza kusalimia huku ametazama juu ya kabati.

"Tukifika," aliniambia, "usiwakodolee macho. Hakuna aliyejiumba."

Tulifika siku mbili kabla ya harusi, magunia mawili ya viatu yakiwa kwenye buti la basi. Stendi ilikuwa imejaa watu. Tulisimama kando ya magunia yetu tukitazama juu ya vichwa vya wote, tukitafuta jamaa ambao hawangeweza kujificha. Karibu yetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwavuli, mwembamba, amenyooka kama rula. Baada ya dakika kumi hivi alisogea.

"Samahani, mnasubiri mtu?"

"Tunasubiri wakwe," Baba alimjibu kwa heshima, macho bado yako mbali. "Wakija utawaona tu, mama."

"Basi wameshakuja," alisema yule mwanamke. "Mimi ndiye Mwalimu Mkuu. Wewe bila shaka ndiye Fundi."

Baba aliteremsha macho taratibu, akapita kichwa, akapita mabega, akashuka mpaka chini kabisa. Kule chini kulikuwa na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri. Mimi nilikuwa nimeviona pia. Vingetosha slaidi ya tano.

Njia nzima Baba alibeba gunia lake mwenyewe na hakutaka nimsaidie. Nyumbani kwa Mwalimu Mkuu tulikuta sebule safi, rafu ya vitabu, na jamaa waliopangwa kwenye makochi. Mjomba, yule yule aliyemvuka golikipa, alisimama kunisalimia akanifika begani. Bibi alikuwa amezama kwenye kochi hadi miguu yake haikugusa sakafu. Bibi harusi, shemeji yangu mtarajiwa, alikuwa binti mzuri mwenye cheko, na alikuja mbio kupokea magunia kabla sijapata kisingizio cha kuyaficha.

Waliyafungua. Sitaeleza yote, maana mambo mengine mtu anabaki nayo. Mtoto wa darasa la pili aliingiza miguu miwili ndani ya kiatu kimoja na akaweza kugeuka. Mjomba aliinua chake kwa mikono yote miwili akakisifu kwa ushonaji, akazunguka kukitazama kwa nyuma. Bibi aliuliza kwa upole kama hivi ni vya kuwekea maua. Wadogo wa bibi harusi walikuwa wamekandamiza midomo yao kwenye mabega ya wenzao, na makochi yalikuwa yanatetemeka.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alivaa vyake, vyeusi, vyenye mshono mdogo wa mapambo puani ambao Baba aliurudia mara tatu. Akafunga kamba. Akasimama, akapiga hatua. Mguu ulikwenda, kiatu kikabaki.

"Nani alipima?" aliuliza.

Aliuliza bila kupaza sauti, lakini makochi yaliacha kutetemeka. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu mengi ndani yake: fundi kompyuta na kalamu zake, mkurugenzi na nafasi nyeupe, mtu aliyeandika barua. Nilikuwa bado nachagua lipi litangulie.

"Mimi," alisema Baba.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule na koti lake la mabega, mikono imemning'inia. Mtu huyu alikuwa amesafiri saa tano ili mama mmoja ajue yeye ni fundi, na sasa alimkabidhi mama huyo huyo neno la kumwita asiye fundi. Alilisema upesi, kabla yangu. Majibu yangu yote yakaisha.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi. Naomba kuona kompyuta mliyotumia."

Bibi harusi akaleta laptopi ndogo aliyoipata chuoni, yenye kioo ambacho ungekifunika kwa sinia la chai. Walikuwa wameilaza sakafuni, kila mmoja akakanyaga kwa zamu, na bibi alishikwa huku na huku na watu wawili. Nikafungua ukurasa wangu. Miguu ilitokea mizuri, rangi zimepatana, imejipunguza kwa utiifu ikaenea kwenye kile kioo kidogo bila kubakiza weupe wowote. Nikavua kiatu. Mimi ambaye ni slaidi ya sita niliweka mguu juu ya kioo, nikapanda slaidi moja moja, na sikuacha kuvuka mstari mpaka nilipofika kwa golikipa.

Nikawaeleza. Nikashika kona ya dirisha la kivinjari nikalivuta ndani, na mguu wa mchimba visima ukanywea mbele ya macho yao mpaka ukawa wa mtoto mchanga. Nikaliachia, ukakua tena. Mtoto wa darasa la pili aliomba nirudie. Nilirudia mara nne, na kila mara nilijisikia vibaya zaidi.

"Nilitia tiki ili picha zijae kioo," nilisema. "Chetu ni kikubwa, chenu ni kidogo. Niliulizwa kabla, nikajibu kioo ni kioo."

"Nilikuwa nakusubiri," alisema Mwalimu Mkuu. "Miaka thelathini na minne nimesikiliza watoto wakinieleza nani kavunja dirisha. Anayesema mimi kwa haraka namna ile, siye." Akamgeukia Baba. "Lakini wewe, Fundi, unaishi kwa miguu. Ulipoona mtoto wa darasa la pili ana mguu wa mwenye bucha hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Na ukashona."

"Huyu alisema ana hakika," Baba alijibu, akinielekezea kidevu. "Ni mwanangu. Ningefanyaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamkumbuka akiniuliza lile swali moja dukani, na jinsi alivyosema "basi" akachukua mkasi. Macho yake yalikuwa yamemwambia ukweli tangu siku ile. Aliyakataa kwa sababu yangu, akakata ngozi yote, akanunua koti la kwenda kukutana na majitu.

Mwalimu Mkuu aliketi, akavua vile viatu akavipanga kando, akavua na soksi.

"Una penseli?" alimuuliza Baba.

Baba hatoki nyumbani bila mfuko wake wa kazi. Alipiga magoti sebuleni pale, akalaza karatasi, na Mwalimu Mkuu akasimama juu yake ameinua pindo la gauni kidogo, anatazama mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. Penseli ilianzia kisigino. Walifuata mmoja mmoja, hata bibi. Mimi nilishika karatasi zisiteleze na kuandika pembeni, na mara hii hakuna aliyenipa kazi nyingine.

Kiatu kidogo hakikuzwi, lakini kikubwa mtu anaweza kukifumua, akapunguza ngozi na soli, akakishona upya. Miguu ya mbao tulikuwa tumeiacha nyumbani, kwa hiyo Baba alitumia miguu yenyewe. Siku mbili nzima jamaa wa bibi harusi waliketi na mguu mmoja juu ya kigoda, ngozi imevutwa imewabana, wamekatazwa kuchezesha kidole. Bibi harusi alipanga meza za wageni akiwa hivyo. Mjomba alisinzia akiwa hivyo, na Baba akamsifu kwa utulivu. Kaka yangu alikuja kuwaona wakwe zake, akaingia mlangoni, akakuta nyumba nzima imenyoosha miguu mbele ya baba yake, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kusema. Mwalimu Mkuu ndiye aliyekuwa anapaka nta kwenye uzi. Alikosolewa mara mbili kwa kupaka nyingi, na mara zote mbili alisema, "Sawa, Fundi."

Kila Baba alipotaka kushika viatu vya Mwalimu Mkuu, mwenyewe alikataa. "Mtoto kwanza. Halafu mama yangu mzazi. Halafu hawa mabinti, watacheza muziki." Asubuhi ya harusi jozi sita zilikuwa tayari zimepangwa mlangoni, na ya saba ilikuwa vile vile ilivyotoka guniani. Saa mbili zilizobaki zisingetosha.

Baba alimfuata Mwalimu Mkuu koridoni, mikono imejaa gundi. Nilikuwa nyuma yake.

"Vaa vyako vile ulivyotupokea navyo stendi, Mwalimu," alisema. "Ni vizuri, nimeviangalia soli. Hakuna aibu."

Mwalimu Mkuu alisema ameshasikia, akafunga mlango wa chumba chake.

Ukumbini Baba alikaa safu ya mbele, upande wetu, na koti lake. Alitazama wanavyoingia, na najua hakutazama nyuso. Mtoto alipita na viatu vyekundu, kifungo kimekaa mahali pake. Bibi alipita ameshikwa mkono na mjomba. Mabinti walipita, bibi harusi akapita na kaka yangu akasahau kufunga mdomo. Kila jozi Baba alitikisa kichwa kidogo sana.

Kisha mlangoni ukasikika mshindo. Pa. Kimya. Pa. Mwalimu Mkuu aliingia wa mwisho, peke yake, amevaa slaidi ya kumi na tatu. Karatasi za mitihani za zamani zilichungulia kisiginoni. Ili visimtoke, alikuwa anainua kila mguu sawasawa na kuushusha sawasawa, shingo imenyooka, bila kutazama chini hata mara moja. Waliomjua tangu shule walisimama. Waliobaki walipoona wenzao wamesimama nao wakasimama, na ukumbi mzima ukamngoja hadi alipomaliza safari yake ndefu ya hatua ishirini.

Kiti chake kilikuwa upande wa pili. Alikipita, akaja kukaa karibu na Baba.

Baba aliinama kama anayefunga kamba zake, akairudisha ndani kwa kidole gumba karatasi iliyokuwa inachungulia. Alichelewa kidogo kuinuka, na alipoinuka alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye gundi, jambo ambalo mwenyewe hukataza kila siku.

"Mkwe," Mwalimu Mkuu alimwambia, na hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe, maana mpaka hapo alikuwa akimwita Fundi tu. "Ukivipunguza vitanitosha?"

"Kesho asubuhi vitakutosha, mkwe."

"Acha nafasi kidogo," alisema. "Nimeshavizoea."